Mistari ya Nyuma ya Mlango

Jumatatu, 4 Machi
Mwenye nyumba kapita asubuhi. Anakitaka chumba chetu! Eti ukuta wa mbele ubomolewe, pawe duka. Nyumba hii ya mawe imeshakuwa kila kitu — kwanza ya tajiri, halafu jela, halafu shule, halafu ghala la magunia. Sasa sisi wapangaji. Chumba chetu kilikuwa selo. Kuta nene kama urefu wa mkono wangu, dirisha kama tundu la njiwa. Lakini joto haliingii, na Kibonge wangu anajifunza kusimama kwa kuushika ukuta huo huo. Nimpeleke wapi?

Baba Kibonge kasema tusikate tamaa. Mkaguzi wa majumba ya kale anakuja. Akikuta kitu cha zamani, hakuna kubomoa.

Mama mkwe bado yupo. Alisema siku mbili tu! Kila siku yake mstari mmoja; leo nimechora wa arobaini na tatu ukutani, nyuma ya mlango, kwa msumari. Nikishachora, roho inatulia.

Jumatano, 6 Machi
Mkaguzi kaja! Miwani, tepu, brashi kama ya meno. Kapima dirisha, kagonga boriti za dari. Hamna kitu. Mwenye nyumba anachekelea. Kisha mkaguzi akasukuma mlango ufungike — jamani! — akapiga magoti. Mfungwa, akasema. Mfungwa alikuwa akihesabu siku zake. Arobaini na tano! Moshi wa jiko umeizeesha mistari yangu. Tena eti mkono uliochora unaonyesha huyu mtu aliteseka mno.

Mwenye nyumba akanywea kama mchicha juani.

Nikafungua mdomo niseme. Mama mkwe kasimama pale pale, Kibonge mgongoni, machozi yanamtiririka. “Masikini mtoto wa watu! Nani alimtesa hivi?”

Nikafunga mdomo.

Usiku nimemsimulia Baba Kibonge, kacheka mpaka kaanguka kutoka kwenye kigoda. Halafu kasema ninyamaze, na mama yake akijua, yeye hayumo.

Alhamisi, 7 Machi
Mama mkwe kaamka mpole. Kaosha vyombo! Kaniambia, pumzika mwanangu, dunia hii ya kuoneana huruma. Nimeona haya, na nimempenda. Nikasema akimaliza kufua namwambia ukweli.

Hata hajaanika — mkaguzi huyo, na mwenye nyumba nyuma yake. Mkaguzi ana karatasi. Niweke sahihi kwamba tulihamia tukaikuta mistari. Kwanza akahesabu tena. Arobaini na sita. Akarudia. Arobaini na sita!

Asubuhi nilichora — mazoea tu! Unga wa chokaa bado uko sakafuni.

Mwenye nyumba kauliza, kwani huyo mfungwa hajaachiwa mpaka leo?

Mkaguzi kavua miwani, ananitazama. Mama mkwe anahesabu siku kwa vidole, midomo inacheza — na vidole vimeisha, kaanza upya.

Nikasema samahani, naenda kumtazama mtoto. Nimejificha jikoni, naandika. Wananiita.

Mtoto mwenyewe yuko mgongoni kwa mama mkwe.