Buti za Mbwana

Ijumaa, mwezi wa nne, 1946. Kisarawe.

Mvua tangu asubuhi. Sijauza hata kipande kimoja cha sabuni, lakini leo sabuni haikuwa shida yangu. Nimetoka kijiji cha Chole, huku huku Kisarawe, kwa mama yake Mbwana, rafiki yangu niliyekwenda naye vitani Burma nikarudi peke yangu.

Nilikwenda kumwambia kweli. Hii safari ya tatu.

Kule Burma siku moja tulipewa mapumziko, tukapanda mlima kuona hekalu la kale. Ngazi za mawe mpaka magoti yanaomba radhi, mizizi imekumbatia kuta, na juu kabisa sanamu kubwa limekaa, macho chini. Nikasema, "Huyu kama shemeji aliyenyimwa ubwabwa." Wenzetu hoi kwa kicheko. Mbwana hakucheka. Alimwona mzee mmoja anafagia pekupeku, naye akavua buti zake mlangoni.

"Sisi msikitini si tunavua? Na hapa watu wanaabudu. Acha utani, wewe."

Alipoingia, nikazificha buti zake kwenye mizizi.

Nilitaka acheke tu.

Mara lori lililotuleta likapiga honi kule chini, sajenti anafoka. Mbwana akatafuta, akakosa, akashuka mbio pekupeku. Mimi nyuma yake, nacheka. Nilisema moyoni nitamwambia tukifika. Katikati ya njia akakanyaga kisiki cha mwanzi, kikapenya unyayo, kikatokea juu ya mguu. Mguu ukavimba, ukaoza. Siku ya tisa tukamzika. Mpaka mwisho alikuwa ananiuliza, "Hivi nani kaniibia buti?"



Leo mama kanikaribisha chai na muhogo. Nimevua viatu mlangoni. Nikamchekesha kwanza, nikidhani nitapata pa kuanzia. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga, halafu akauliza, "Baba, mwanangu alipigwa risasi?"

"Ndiyo, mama. Hakuteseka."

"Alhamdulillahi."

Akaingia chumbani, akatoka na makubadhi mapya. "Aliyanunua, hakuwahi kuyavaa. Miguu yenu sawa. Yavae wewe, nikikuona nimwone yeye."

Nimerudi Kisarawe pekupeku kwenye tope, viatu vyangu mkononi, makubadhi nimeyakumbatia kifuani.

Yapo hapa chini ya kitanda. Nikienda tena atanitazama miguuni. Sasa hapo nitatoa utani gani?