Nilimdunga Karani Mara ya Pili

Shangazi Winnie mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, maana jambo hili nimeshindwa kulisema kwa mdomo.

Nasoma kidato cha tatu hapa Bariadi na ninaishi na bibi yangu, Felisita, mwenye kisukari mwaka wa kumi na moja sasa, na tuna paka anaitwa Karani, kwa sababu siku za kuuza pamba hukaa pembeni ya mzani kama anayekagua kilo. Mwezi uliopita Karani alianza kukonda huku akinywa maji kupita kiasi, akakojoa hadi kwenye ungo wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na bibi akasema, "Huyu ana ugonjwa wangu," nami nikacheka, lakini daktari wa mifugo, Januarius, alipompima akakuta ni kweli, akampa insulini yake na kutufundisha kumdunga asubuhi na jioni akishakula.

Mzee Luhaga, jirani yetu, alimwuliza bibi, "Mayu, mama yangu, paka akidungwa sindano, panya naye utampeleka wapi?" Bibi akamjibu, "Nitamleta kwako, si ndiko anakolala."

Sijawahi kukutana na mtu kama bibi hata vitabuni. Hatuna friji, kwa hiyo dawa yake na ya Karani anazitunza kwenye chungu kidogo kilichokaa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga anaoulowanisha kila siku, na chupa ya Karani ameifunga uzi mwekundu zisichanganyike. Alimwachisha Karani michembe na maziwa, akawa anamchemshia dagaa bila chumvi, na akimdunga humwimbia Kisukuma taratibu hadi paka hashtuki.

Mimi naogopa sindano, lakini nilijifunza kwa kumchungulia, nikitaka siku moja nimpumzishe. Jumatatu bibi aliondoka alfajiri kwenda msibani Sapiwi, na nilipoamka Karani alikuwa analia njaa na bakuli lake limefunikwa kichanjani, kavu, nikaamini hajala wala hajadungwa, nikampa chakula, nikamdunga, nikajisifu moyoni. Kumbe bibi alishafanya yote akaosha na bakuli, kwa kuwa haendi msibani akaacha chombo kichafu nyumbani. Aliporudi mchana alimkuta Karani anayumba, akampaka asali kwenye fizi, akampigia daktari, na Karani akapona.

Daktari aliuliza kama dawa ilizidi. Bibi akasema, "Itakuwa ni mimi, macho yamezeeka." Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikusema kitu. Tangu hapo anambeba Karani kwa miguu hadi kwa daktari asubuhi na jioni akadungwe huko, na jana nilimwona anavuta insulini yake mwenyewe nusu ya kipimo, akisema afadhali ipungue kuliko kukosea. Nikimwambia ukweli, atanionaje?

Mwoga wa Sindano, Bariadi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Jibu hili nakutumia kwenye simu uliyoniandikia kabla halijachapwa, kwa sababu bibi yako hawezi kungoja gazeti la Jumamosi.

Ulimdunga paka kwa upendo, na kwa kosa hilo sikugombezi sana. Nakugombeza kwa kunyamaza mlangoni. Mwanamke anayetunza dawa mbili bila friji kwa akili zake mwenyewe, leo haamini macho yake, na anapunguza dawa inayomweka hai. Aibu ni yako, lakini mwili unaoumia ni wake.

Mwambie leo, kabla ya sindano yake ya jioni. Usitafute maneno ya vitabuni. Sema: "Bibi, Jumatatu nilimdunga Karani, sikujua umeshamdunga. Macho yako hayakukosea." Akigomba, mwache agombe. Kesho mfuatane kliniki apimwe sukari na aseme wazi ni siku ngapi amepunguza dawa. Januarius naye aambiwe ukweli.

Baada ya hapo, anayemdunga Karani aweke alama ya chaki ukutani kabla hajaosha bakuli. Mkiwa na shaka kama amedungwa, msirudie, mpigieni daktari. Na mwombe bibi akufundishe mwenyewe, mkono wake juu ya mkono wako. Kujifunza kwa kuchungulia ndiko kulikokufikisha hapa.

Kama sasa hivi yuko jikoni, weka simu chini uende.