Tukingoja Bastola, Tusigombane

Jumatatu, 4 Machi

Tumepeleka maombi leo. Bastola ya Mzee, mume wangu, iandikwe jina langu. Mimi! Mwanamke ninayeruka kifuniko cha sufuria kikianguka.

Afande wa ofisi ya silaha ni mtu mpole, ila chafya zake hazina breki. Kasema tungoje mwezi mzima, pengine na zaidi. Watachunguza rekodi zangu, daktari atanipima, nitafundishwa kulenga shabaha, kisha atakuja mwenyewe nyumbani kutuhoji. Majirani nao watahojiwa. Mpaka hapo bastola ni ya Mzee. Nisiishike. Ufunguo wa kasha nisiuguse. Ni kosa.

Palipoulizwa sababu ya kuhamisha umiliki, Mzee aliniambia niandike: amezeeka, anataka kupumzika. Nikaandika. Sikumtazama usoni.

Sababu yenyewe naiandika hapa. Jumamosi iliyopita nilifunga duka letu la dhahabu mapema, mchana kweupe, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Mzee katokea koridoni, bastola mkononi. "Nani? Nani hapo?" Huku ananitazama! Mimi huyu huyu, mbele yake, na kabichi kwapani. Kisha hasira zikanipanda, nikamfokea kama ninavyomfokea siku zote — na hapo ndipo akanijua. Akaishusha. Tukakaa sakafuni wote wawili, kabichi katikati yetu. Baada ya muda akasema, "Chukua wewe, Mama. Mimi nimechoka kubeba vyuma."

Macho hakuyataja. Na mimi sikuyataja.

Jumanne, 5 Machi

Mzee hakulala vizuri. Asubuhi kaniuliza: majirani wataulizwa nini hasa? Nikamwambia — kama nyumba ina ugomvi. Tukatazamana.

Ng'ambo ya ukuta anakaa Mama Redio. Huyo anazijua kelele zetu zote kwa mpangilio: za dirisha, za chumvi, za sauti ya televisheni, za nani kaacha bomba wazi. Hatujawahi kuinuliana mkono, hata siku moja. Lakini kelele! Tangu tuoane hatujui kuongea vingine. Watu wengine huambiana "nakupenda", sisi huambiana "umeanza tena".

Tumekubaliana. Hakuna kufokeana mpaka Afande aje na aondoke. Tumepeana mikono kama mabalozi.

Ijumaa, 8 Machi

"Chai, mpenzi?"

"Tafadhali, kipenzi changu."

Nilikimbilia jikoni nikacheka huko. Kipenzi changu! Huyu huyu ambaye wiki jana kaniita king'ora.

Kajimiminia chai nje ya kikombe. Nusu yote mezani. Siku nyingine ningesema maneno hadi jioni. Leo nimefuta tu, kimya. Naye akanyamaza. Sijapenda kunyamaza kwake.

Jumamosi, 16 Machi

Nimefaulu shabaha! Mkufunzi kasema mkono wangu umetulia. Mzee alikuwa benchi la nyuma, anamwambia kila mtu, "Yule ni mke wangu, yule." Mmoja akamjibu kwamba yule anayemwonyesha ni mwanamume. Akacheka, akasema anatania. Mimi nilisikia. Nilijifanya nafungua kiatu.

Daktari naye kanipitisha. Mzee aliuliza, kwa sauti ya kutojali, kama na yeye mwenye silaha atapimwa. La, kasema daktari, anapimwa anayepokea tu. Mzee akashusha pumzi hiyo! Njia nzima alipiga mluzi.

Ningelia. Ila nilikuwa nimeshika usukani. Siku hizi naendesha mimi. Anasema barabara zimekuwa na watu wajinga.

Jumatatu, 25 Machi

Dukani. Mteja kaleta pete, jiwe limelegea. Kazi ya dakika chache kwa sonara kama Mzee wangu — mikono yake imevisha nusu ya maharusi wa mtaa huu. Aliisogeza puani, akabandika lenzi jichoni, akabadilisha jicho, akaipapasa kwa kidole gumba. Mwisho kamrudishia mteja. Eti kazi zimetubana, aje mwezi ujao. Benchi tupu kabisa!

Nilimshika begani tu. Kaweka mkono wake juu ya wangu, tukakaa hivyo mpaka mteja mwingine akaingia.

Nyumbani kajigonga kwenye kigoda, mfupa wa mguu. Nilikuwa nimekihamisha. Zamani nisingekihamisha bila kutangaza: "Kigoda nimekitoa, usije ukasema sikukwambia!" Sasa nahamisha vitu kwa adabu.

Jumanne, 2 Aprili

Balaa.

Afande kaanza na Mama Redio, bila kutuambia. Kamuuliza: hawa wana ugomvi? Na Mama Redio — Mungu amweke, nia yake njema — kasema hivi: "Zamani walikuwa wanagombana vizuri sana, nyumba inachangamka. Sasa karibu mwezi hakuna sauti. Naogopa, afande. Nyumba ile kuna kitu."

Kuna kitu! Afande kaandika. Simu imetufikia mchana: uchunguzi unaongezwa, tungoje tena, atakuja siku asiyoisema.

Tumejipalia makaa wenyewe. Na bastola bado iko kashani, risasi zimo, na mwenye ufunguo haoni kigoda.

Ijumaa, 5 Aprili

Tumegombana! Ugomvi mkubwa, wa kujaza nyumba.

Ulianzia kwenye mlango. Nilikuwa natoka bafuni, pekupeku, taratibu, nisimsumbue. Yeye yuko koridoni. Akanigusa bega, akaruka nyuma, na mkono wake ukaenda kiunoni. Hakuwa na kitu pale, mkanda tu. Lakini mkono ulikwenda. Tuliuona wote wawili.

Nikalipuka. Nikamwambia mwambie Afande ukweli! Mwambie huoni! Wataichukua leo leo, nitalala usingizi! Akasema na duka je, nani atatembea na dhahabu za watu mikono mitupu? Nikasema bora dhahabu iende. Akasema nikishaandikwa sioni, nitakuwa sonara wa nini? Nikae mlangoni nihesabu viatu? Nikasema kaa mlangoni, kaa popote, ila uwepo na mimi niwepo!

Akanigeukia. Kisha, kwa sauti ambayo nafikiri hata barabarani imesikika:

"Basi nipigie kelele, mwanamke! Mwezi mzima unatembea humu kama mwizi! Uliponifokea siku ile ndipo nilipojua ni wewe. Usiponifokea nitajuaje uko wapi?"

Nampenda mtu huyu mpaka nakasirika.

Ng'ambo ya ukuta Mama Redio kapiga makofi. "Afadhali! Afadhali jamani!"

Jioni kakaa karibu na kasha, ufunguo kiganjani, anaugeuzageuza. Nimemuuliza tena kuhusu Afande. Kasema tusubiri karatasi yangu itoke, kisha ataona. Ataona! Hata yeye kacheka.

Jumapili, 14 Aprili

Sasa natangaza kila kitu. "Naingia sebuleni! Nimebeba ndoo! Kigoda kiko kushoto!" Yeye anajibu, "Sikukuuliza!" Nyumba imerudi. Mguu wake umepona.

Hajaamua.

Jumatano, 17 Aprili

Afande amekuja. Sasa hivi, hata vyombo sijaosha. Kaniambia nikae jikoni, mlango ufungwe, kila mmoja ahojiwe peke yake. Mzee kwanza. Naandika ili nisifungue mlango.

Mlango wetu ni mwembamba. Nasikia yote.

Kaulizwa kama anatoa silaha kwa hiari yake. Kasema ndiyo. Kama mkewe amewahi kumtishia. Kasema kila siku, kwa mwiko. Afande kacheka, kapiga chafya. Kama kuna ugomvi ndani. Kasema asante Mungu, upo.

Sasa karatasi zinafunuliwa mezani.

Afande anamwambia asome tamko mwenyewe kisha aweke sahihi. Sahihi anaijua, anaweza kuiweka gizani. Angeulizia mstari tu, akajifanya amesoma. Namjua, ana mbinu mia. Karatasi inachakarisha. Anaisogeza puani — najua, bila kuona.

"Afande, siioni."

Nimeuma kiganja.

"Miwani yako iko wapi, mzee?"

"Miwani haisaidii. Hata wewe sikuoni, baba. Nazisikia chafya zako tu. Nilikaribia kumpiga risasi mke wangu, yuko na kabichi."

Afande hata chafya zimemkauka. Kisha chuma juu ya meza. Ufunguo! Ameuweka. Nausikia ukisukumwa.

Afande anaongea kwa sauti ya chini, simsikii. Labda anaichukua leo. Labda maombi yangu nayo yamekufa, tuanze upya, mwezi mwingine, miezi. Labda tumekosa kusema ukweli na ni kesi. Sijui. Kiti kimeburuzwa, mtu amesimama.

"Mama!" Ni Mzee. "Mama, uko wapi? Mbona kimya?"

Nipo! Nimepiga ukelele. Nipo hapa jikoni, usipite kushoto kuna ndoo, na hiyo karatasi ya watu usiikunje —