Walisema Shahidi Haoshwi

Mpendwa Bi Ihsan,

Salaam nyingi na za heri. Nakuomba unisaidie katika safu yako ya gazetini kwa maana mbele ya watu wa nyumbani kinywa changu hakifunguki, na jambo hili nisipolitoa kwako litanitoa roho. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na minane, nakaa Mtongwe katika nyumba ya ukoo wa marehemu mume wangu, Hamdun, aliyekuwa mwanajeshi akauawa Somalia miaka saba iliyopita, akaniachia binti mmoja, Malak, ambaye wakati huo alikuwa na miaka miwili na sasa ana tisa.

Hamdun aliletwa ndani ya sanduku lililofungwa na kufunikwa bendera, na aliyemsindikiza alikuwa mwenzake wa kikosi, Odhiambo, naye alinivuta kando akanambia, "Shemeji, kama mnataka kumwosha vile dini yenu inasema, tutafungua, lakini ujue hayuko vizuri," nami Bi Ihsan niliogopa, wallahi niliogopa, nikamwambia lisifunguliwe, wala sikumwambia mtu kwamba niliulizwa. Waoshaji walikuwa wamekwisha fika na maji yametekwa, watu wakaanza kunong'ona, ndipo shemeji yangu Imad, kaka mkubwa wa Hamdun, akasimama uani akasema kwa sauti, "Jamani, shahidi haoshwi, tumzikeni kama alivyo," watu wakaitikia takbiri, maji yakamwagwa, nami nikashukuru moyoni kwa kuwa neno lile liliniokoa.

Tangu siku hiyo, kila mwezi wa Shaabani, ukoo ukisoma khitma ya marehemu wake, jina lake lilikuwa la kwanza, "shahidi Hamdun". Mwaka huu Imad ameingia kamati ya msikiti, na nilipokaa na wanawake nyuma ya pazia nikisikiliza majina, nikamsikia babu, nikamsikia shangazi, nikamsikia hata yule binamu aliyeanguka mtaroni na chupa mkononi, Mola amrehemu, lakini Hamdun sikumsikia mpaka watu wakasema amina na pilau ikaanza kupakuliwa. Nilipomuuliza Imad alinijibu huku akinawa mikono, "Raihana, yule alikufa kazini kwa mshahara. Shahidi ni mwengine. Watu siku hizi wanauliza." Nilitaka kumwambia basi mbona hamkumwosha, lakini niligeuka nikaenda kuosha sufuria, maana aliyekataa sanduku kufunguliwa ni mimi.

Na huku kwenye kambi ya jeshi ya hapa Mtongwe kila mwezi wa kumi husomwa majina ya waliokufa vitani, tarumbeta lao nalisikia nikiwa jikoni kwangu, kila mwaka naalikwa na kila mwaka siendi kwa sababu Imad husema mashada ya maua si mila yetu. Sasa Odhiambo amenipigia simu kutoka Changamwe anakokaa, akanambia, "Shemeji, mwaka jana walisoma jina yake hakuna mtu alisimama. Mimi nikasimama, wakaniambia nikae, hiyo ni ya familia." Nimemwambia Imad kwamba mwaka huu nataka kwenda na Malak, akanijibu, "Ukenda, usirudi humu." Na Malak mwenyewe amerudi kutoka chuo cha Qur'ani analia, wenzake wamemwambia babake si shahidi, ananiuliza ni kweli au ni uongo. Bi Ihsan, niende nikose nyumba, au nikae nisikilize tarumbeta? Na siri ya lile sanduku niifanyeje? Majina usiyabadilishe, nimechoka kuficha.

Raihana, Mtongwe

*

Raihana,

Pole. Pole kwa mume, pole kwa sanduku, na pole kwa pilau ile iliyopakuliwa jina lake halijasomwa. Sasa nisikilize, maana nitakusema.

Wewe na shemeji yako mlishirikiana. Neno "shahidi" lilikufaa wewe usione yaliyomo sandukuni, likamfaa yeye apate sifa uani mbele ya watu. Leo halimfai tena, amelikunja ameliweka kabatini, na wewe unashangaa. Neno la dini si kanzu ya sikukuu, livaliwe siku ya watu wengi na kuvuliwa watu wakianza kuuliza. Ama Hamdun ni shahidi na jina lake lisomwe, ama si shahidi na maji yale hayakupaswa kumwagwa. Imad hawezi kuchukua yote mawili. Kuogopa sikulaumu, nani asingeogopa? Nakulaumu kwa miaka saba ya kunyamaza, ukimwachia mtu mwengine aamue mumeo alikuwa nani.

Mimi si sheikh. Nimemuuliza maalimu mmoja hapa jirani, mzee mkali asiyejipendekeza kwa mtu, naye akasema daraja ya shahidi huitoa Mwenyezi Mungu, haitolewi na kamati. Akasema pia kuwa maiti asiyeweza kuoshwa hufanyiwa tayamamu kwa udongo, na akauliza kwa hasira mbona siku ile hakuna aliyekwenda kuuliza wanaojua. Kwa lililokwisha pita, mwombee dua na umtolee sadaka. Nenda kwa mwanachuoni unayemwamini, umweleze yote mwenyewe, lakini fatwa usiichukue tena kwa shemeji.

Kisha mkabili Imad, si peke yako, bali mbele ya wazee wawili wa ukoo. Anza wewe: sema uliulizwa, uliogopa, ukakataa. Ukishalisema kwa kinywa chako halitakuziba tena. Ndipo umuulize swali lako moja, kama si shahidi mbona maji yalimwagwa, halafu ukae kimya umwache ajibu. Akikutajia nyumba, mwambie Malak ni mrithi wa babake, na siku ya pili yake uwe kwa kadhi na cheti cha kifo na cheti cha ndoa mkononi. Khitma nayo isome kwako. Ni juzuu thelathini za Qur'ani, wanawake thelathini Likoni hukosi, na kumwombea mumeo hakuhitaji ruhusa ya kamati.

Kambini utakwenda. Maua kama hutaki, usiweke, hakuna atakayekushika mkono kwa nguvu. Wakubwa watachelewa, watahutubu, watasema "mashujaa wetu" mara kumi bila kumjua hata mmoja. Vumilia. Vaa buibui lako, mshike Malak, mwombe Odhiambo akae karibu nanyi. Huyo ndiye pekee aliyemsimamia mumeo, akaketishwa. Aibu hiyo si ya waliomketisha tu, ni yetu sote tunaosikia tarumbeta tukaendelea kukaanga samaki.

Na mtoto mwambie ukweli. Babake alikufa vitani, hakuoshwa, na mama aliogopa. Kama ni shahidi, anayejua ni Mola wake. Lakini wa siku ile, wa sanduku na maji yaliyomwagwa, shahidi ni wewe. Na shahidi akiitwa, husimama.

Bi Ihsan