Nilichotia Sahihi Siku ya Hesabu

Kitale,
Jumapili baada ya ibada

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini magoti yamepunguza kukusumbua tangu mvua ipungue, na kwamba ng'ombe amezaa salama. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inaniuma, na sina mwingine wa kumweleza.

Uliwaambia akina mama wa kanisani hapo Bungoma kuwa binti yako anafundisha watoto walio mahabusu. Sikuwahi kukueleza kazi yenyewe ilivyo. Darasa letu hapa kituoni zamani lilikuwa stoo ya mahindi. Ubao nimeugawa kwa chaki: kushoto wasiojua kusoma, kulia wa sekondari. Mtoto akianza kushika jambo, gari linakuja kumpeleka kortini, na pengine harudi. Hatuagani.

Kulikuwa na Nafula, miaka kumi na saba, mtu wa huko Kimilili. Aliishi Kiminini kwa mama mmoja, akimlelea watoto na kufua, naye akilipiwa karo ya shule ya kutwa. Simu ya yule mama ikapotea. Nafula akashikwa kwa wizi, akaletwa kwetu miezi mitatu kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Mwalimu mkuu wake alikubali aufanyie pale pale shuleni, akisindikizwa na askari. Mama, huyo msichana alisoma! Madaftari yalipoisha, alifanya hesabu kwenye karatasi za unga.

Tarehe ya kesi ikaangukia asubuhi ya mtihani wa hesabu. Nikaandika barua kuomba korti isogeze siku, nikampa meneja wa kituo aipeleke. Akasema, "Usijali, mwalimu."

Asubuhi hiyo Nafula alivaa sare aliyoinyoosha kwa kuilalia. Gari likaja, likamchukua kortini. Nilimkimbilia meneja. Alipofungua droo kutafuta kalamu, niliiona barua yangu humo.

"Nilisahau, bana," akasema. "Na hata hivyo, karatasi ya korti ni amri. Yako ni ombi tu."

Kesi haikusikizwa. Yule mama hakutokea. Alikuwa ameenda Moi's Bridge kununua mahindi. Nafula alirudishwa saa tisa.

"Mwalimu, wataniruhusu niufanye kesho?"

Nikamwambia hapana. Hakulia. Aliuliza kama kuna chakula kilichobaki.

Jioni meneja aliniletea fomu ya kueleza kwa nini Nafula hakufika kwenye mtihani.

"Andika amekataa mtihani."

"Lakini alikuwa kortini."

"Ukiandika korti, wataniuliza barua ilienda wapi. Mkataba wako unaisha Desemba, ama umesahau?"

Mama, niliandika. Amekataa mtihani. Nikatia sahihi.

Wiki mbili baadaye yule mama alikuja kuondoa kesi. Simu ilikuwa imepatikana kwa ndugu yake mwenyewe. Hakusema pole. Alimwambia Nafula ati ashukuru amesamehewa.

Siku ya kuachiliwa, Nafula alinisubiri mlangoni na nguo zake kwenye gunia. Fomu ilikuwa imepitia shuleni kwake, na habari zimefika kwao.

"Mwalimu, niandikie tu karatasi kwamba nilikuwa kortini. Kukhu, nyanya yangu aliyenilea, ameambiwa nilikataa mtihani. Amesema nisikanyage kwake."

Meneja alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu. Nikamwambia Nafula arudi wiki ijayo, nitakuwa na nafasi. Alijitwika gunia, akasema, "Sawa, mwalimu," akaenda. Hakurudi. Na nilijua hatarudi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Nimeandika yote: korti, droo, uongo wangu, na jina langu kamili. Haitampa cheti. Nakuomba uende Kimilili, umuulizie nyanya yake Nafula, anayeuza vitunguu sokoni, umsomee kwa Kibukusu, maana hajui kusoma. Nakala nyingine naipeleka kesho kwa afisa wa elimu. Na kanisani, usinisifu tena.

Nisalimie baba mdogo, fundi wa baiskeli, na shemeji anayekukamulia ng'ombe. Dada yangu anayefundisha nasari mwambie anitengee nafasi ya kulala. Huenda nikafika kabla ya Krismasi, na sitakuwa na kazi.

Ni mimi binti yako,
Nanjala