Baiskeli ya Mama Yako Ina Mbio, Mama Yako Anakwenda kwa Miguu

Karakana ya Baiskeli,
Nyuma ya Ghala la Mbao.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaisema, na marahaba yake hii hapa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mke wako, na yule mjukuu wetu ambaye kwenye simu hupiga kelele moja tu kisha akakimbia. Kikohozi chake kimekwisha? Na goti lako, lile uliloumia ukishindana kupanda kilima na wenzako wa klabu, limepona? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mimi jino la nyuma linaniuma na hasira zinaniuma zaidi. Jino nitaling'oa Ijumaa. Hasira nakutumia wewe.

Mkaza mjomba wako anakushukuru kwa picha za bintiyo. Amezibandika zote pembeni mwa kioo, hata sasa sioni pa kunyolea ndevu. Yule bibi wa nyumba ya pili aliyekuwa akikufukuza kwa ufagio bado yupo, na ufagio bado anao. Anakuulizia.

Haya, salamu zimetosha. Tuje kwenye baiskeli.

Nasema ile uliyomtumia mama yako miezi mitatu iliyopita, kupitia kwa mwenye duka la ng'ambo ya barabara, yule tunayemwita Bwana Upepo kwa sababu hawezi kukuuzia hata kengele bila kukueleza upepo utaipitaje. Aliileta mwenyewe, imefungwa makaratasi kama keki ya harusi. Ubavuni wameandika kwa herufi nyekundu kwamba hii ni baiskeli ya kila siku. Kila siku ya nani, hawakuandika.

Nimeshika spana miaka thelathini na moja, mpwa wangu, na sijapata kuona chombo kinachomdharau mwenye kukipanda kama hiki. Usukani umeinama chini, hata mtu akitaka kuona mbele lazima atoe shingo kama kobe. Kiti ni chembamba, kigumu, na kimeinuka juu kuliko usukani. Sijui walimpima nani, labda mwiko. Madigadi hakuna. Keria hakuna. Stendi hakuna, ukishuka uitafutie ukuta wa kuegemea kama mlevi. Bomba la juu limenyooka usawa wa kiuno, na mama yako anavaa sketi ya kazi. Badala ya mahali pa kufungia mzigo wameweka mahali pa kuchomeka chupa ya maji, kwa hiyo ukienda nayo sokoni utarudi na maji.

Na waya za breki! Zamani waya ulipita nje, mtu akauona, akautia mafuta, akaendelea na maisha yake. Hawa wameuficha ndani ya bomba ili upepo usijikwae. Juzi mtu mwingine aliniletea ya aina hiyo hiyo. Kubadili waya mmoja nilikaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri nikiuvuta kwa ndoano, huku wateja wenye shida za maana wakiningoja mlangoni.

Najua yanatoka wapi haya yote. Yanatoka kwa wale wanaume wenu wa mashindano, waliobanwa na nguo hadi unawahesabu mbavu. Wao wenyewe sina ugomvi nao. Mtu akitaka kuinama hivyo saa tano nzima kwa ajili ya kikombe, mgongo ni wake. Mshindani hana mzigo. Hana mtu anayemngoja njiani. Tairi lake likitoboka, nyuma yake kuna gari lenye fundi na gurudumu jingine. Nyuma ya mama yako niko mimi, na mimi nakwenda kwa miguu. Halafu wao wakimaliza kuzunguka wanarudi pale pale walipoanzia, wanapewa maua.

Ninaowadharau ni hawa wanaokichukua chombo cha mbio, wanakitia kengele, kisha wanamuuzia mtu anayekwenda kazini, eti naye ajione bingwa. Wanamwondolea kila kilichomfaa na kumwachia mkao tu. Ni kama kumvua mpishi aproni ukamvika glavu za ndondi, ukamwambia sasa pika haraka. Na wewe, msomi wetu, ukavikwa kilemba cha ukoka na Bwana Upepo kwenye simu, ukakubali.

Ulituandikia kwa fahari kwamba ina kilo tisa tu, ilhali ile ya zamani ina kumi na tisa. Nilichukua mizani. Begi la mama yako lina kilo nane. Zamani lilikaa kwenye keria likabebwa na baiskeli. Sasa linakaa mgongoni mwake. Wahandisi wenu hesabu hiyo hawakuifanya, kwa sababu hakuna mshindani anayebeba mizani ya kupimia watoto wachanga.

Naona kazi ya mama yako umeisahau, kwa hiyo nitakukumbusha. Yeye ni muuguzi anayewafuata nyumbani kina mama waliojifungua. Anafika, anashuka, anapima mtoto, anatazama kitovu, anamkemea baba mtu aliyekaa tu, anapanda tena. Nyumba tisa kwa siku. Kupanda mara kumi na kushuka mara kumi, na kila mahali anapoegesha lazima begi libaki limesimama. Hiyo ndiyo kila siku yake. Kasi haimo. Katika miaka ishirini na miwili hakuna mtoto aliyemwambia umechelewa sekunde tatu.

Siku ya pili tangu umtumie, aliipanda. Kwenye mteremko wa zahanati aliinama kama chombo kinavyotaka, begi likamteleza mgongoni likaja kichwani, akaona giza, wakaingia mtaroni wote watatu, yeye, begi na kilo zako tisa. Kifundo cha mkono kilivimba wiki mbili. Wewe uliambiwa amejigonga kabatini.

Tangu siku hiyo hajaipanda. Anaisukuma. Kila asubuhi anatoka nayo nyumbani, anaisukuma hadi zahanati, kutoka zahanati hadi kwa wazazi, kutoka kwa wazazi hadi nyumbani. Ukipiga simu anakwambia ni nyepesi mno. Hapo hasemi uongo, maana uzito wake anaujua kuliko mtu yeyote. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki chako hata kujitembeza hakiwezi, kinatembezwa na mama yako.

Mimi nilijua mwezi uliopita tu, aliponiletea pancha. Niliigeuza juu chini nikashangaa. Mpira wa usukani upande wa kushoto umelika, wa kulia mpya. Pedali bado zimevaa nailoni za dukani. Nikamuuliza, "Dada, hii unaipanda kweli?"

"Naipanda."

"Lini?"

"Spana, wewe ziba pancha."

Niliziba. Kisha nikamwambia nitakupigia simu wewe siku hiyo hiyo nikutoe tongotongo. Dada yangu mkubwa, unamjua, hapandishi sauti. Alishika mkono wangu wenye grisi akasema, "Thubutu. Siku aliponiambia ameituma, alikuwa amefurahi. Hujamsikia alivyofurahi."

Nikanyamaza kama maji mtungini. Na ningenyamaza mpaka leo, ila mambo yamefika pabaya.

Nyumba tisa zimekuwa nne. Miguu ina kikomo chake. Mwezi uliopita mama mmoja wa mapacha alingoja siku tatu, na siku ya tatu pacha mdogo alikuwa amepungua uzito. Sasa hajambo, ananyonya kama anadai, lakini mkuu wa zahanati amelikunjia jambo hilo ndita. Ameandika kwamba kuanzia tarehe moja Julai mzunguko utachukuliwa na mwingine, na mama yako atakaa dirishani kugawa kadi. Mama yako akasema sawa, miguu imezeeka. Miguu yake haijazeeka hata kidogo. Akirudia nyumba zake tisa kabla ya mwezi huu kwisha, mkuu ataufuta uamuzi huo. Ameniambia mwenyewe alipokuja kujaza upepo. Haelewi kwa nini mwanamke mwenye baiskeli mpya anachelewa kuliko alipokuwa na kuukuu, na mimi nimefungwa mdomo.

Ile ya zamani ipo. Si uliagiza Bwana Upepo aichukue, isiwajazie nafasi ukumbini? Ameipaka rangi nyeupe, ameitundika kwenye dirisha la duka na kuijaza maua ya plastiki kwenye kikapu. Tazama akili za watu hawa. Yenye kazi wameifanya pambo, na pambo wamelipeleka kazini.

Nilikwenda kumuuliza kama atakubali kubadilishana. Alikubali upesi kuliko nilivyotegemea. "Ichukue hata leo, Spana," alisema, "niletee ile yenye mbio, nina mteja." Nikatokea mlango wa nyuma kukata njia, na huko uani unajua nilikuta nini? Baiskeli nyeusi, nzito, keria pana kama meza, stendi ya miguu miwili, kiti chenye springi. Ndiyo anayopanda Bwana Upepo mwenyewe kuja dukani. Nikarudi ndani nikamuuliza, hii nayo upepo unaipitaje? Alishikwa na kikohozi.

Kwa hiyo kinachokosekana ni kimoja. Mama yako hataki kubadilisha zawadi yako bila neno lako, na neno lako hataki kuliomba. Nimembembeleza, nimemfokea, nimemtuma hata mkaza mjomba wako. Anatujibu kwamba chai iko mezani.

Usije ukasema nyani haoni kundule. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, wazimu huu ulinishika mimi, tena kabla yako. Vijana wote wa mtaani tuliona picha ya washindani kwenye kipande cha gazeti lililofungiwa sukari, tukarukwa na akili. Mimi niling'oa madigadi ya baiskeli ya baba, nikaugeuza usukani ukatazama chini. Babu yako alikuwa karani, shati lake jeupe, na ilikuwa majira ya mvua. Asubuhi aliitazama baiskeli, akanitazama mimi nilivyokuwa nikichekelea, akaipanda akaenda kazini. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Jioni alikuwa akiingia kwa mlango wa mbele akitusalimu, mimi namwona uso tu, nasema kumbe ameipenda.

Siku ya sita nilimkuta uani ameinama ananawa. Ndipo nikauona mgongo wake. Mstari wa tope kutoka kiunoni mpaka kisogoni. Shati lile alikuwa akilifua mwenyewe kila jioni tusione. Nilirudisha madigadi kabla hajamaliza kunawa. Mama yako ndiye aliyemuuliza kwa nini hakunichapa. Babu yako akajibu, "Mtoto alikuwa amefurahi."

Basi unaona huyu dada yangu ni mtoto wa nani.

Mpigie simu, mpwa wangu. Usiseme nimekuandikia. Sema umebadili mawazo, sema klabu imekuelimisha, sema lolote. Uongo mdogo wa aina hiyo si mgeni kati yako na mama yako. Mwambie tu airudishe dukani achukue ile yake ya zamani, na mwambie kwa sauti ile ile ya furaha, maana hiyo ndiyo anayoingoja. Maua ya plastiki nitayang'oa mwenyewe. Rangi nyeupe itabaki, hatuna muda.

Nakupenda, ndiyo sababu nimekutukana kurasa nne. Wewe si mtoto mbaya. Ulimtakia mama yako kilicho bora, ila bora hiyo ulimuuliza mtu wa mbio, hukumuuliza mwenye safari.

Nisalimie mke wako sana, na mwambie mjukuu wangu akinipigia kelele tena nami nitampigia. Mkaza mjomba wako anakusalimu, binamu zako wote wawili wanakusalimu, na bibi wa nyumba ya pili anasema ufagio wako anautunza. Mungu akupe pumzi kwenye vilima vyako, akurudishe nyumbani ukiwa na meno yako yote, na akujalie nawe siku moja uletewe zawadi na bintiyo.

Jambo la mwisho. Picha zote ulizotumiwa, mama yako amesimama kando ya baiskeli anacheka, na kila mara aliyepiga alisimama mbele. Ndani ya bahasha nimetia moja niliyoipiga jana asubuhi kwenye kilima cha ghala, yeye hajui. Hii nimempiga kwa nyuma.

Wako akupendaye na kukukasirikia kwa pamoja,
Mjomba wako, Spana.