Hijabu ya Kulalia

Mdogo wangu Zuhura,

Nakuandikia kutoka Kilimani, ambako baridi imenifanya nivae soksi na makubadhi. Kile kitabu cha picha nilichoitwa kukikagua ni cha watoto wa kila kabila na kila dini, na wenyewe wananikirimu sana. Kwa kuwa natoka Mombasa, kila mchana naagiziwa biriani, huku roho yangu iko kwenye githeri wanayokula wao.

Leo tumefika ukurasa wa kulala. Msichana aitwaye Salma yuko kitandani, macho kayafumba, na kichwani ana hijabu iliyobanwa kwa pini. Nikamwambia mhariri, binti mpole wa hapa Nairobi, kwamba watoto wetu hawalali hivyo. Hata mama zao wakishaingia ndani huivua.

"Hiyo najua, anti," akasema. "Lakini akiitoa, watu watajua aje ni Muislamu?"

Nikamwonyesha kitanda cha pili, alikolala Wanjiku, rafiki yake Salma. "Na huyu mbona halali na msalaba?"

Akamtazama Wanjiku. "Huyo ni mtoto tu."

Tumepatana hivi: Salma atavuliwa hijabu, ila nje ya dirisha lake patachorwa ngamia.

Ukiipata kadi hii, mbusu Rukia wako kwa niaba yangu. Halafu akishalala, mpige picha hivyo hivyo, mdomo wazi na nywele timtim, unitumie kwa simu. Nataka hawa wamwone mtoto tu.

Dada yako akupendaye,
Mwanaisha